Wa Nne Kati ya Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, mganga mkuu wa hospitali alinipokea vizuri, akaniuliza habari za safari, kisha akavua koti akalala kifudifudi kwenye kitanda cha wagonjwa. Mgongo ulikuwa unamsumbua, akasema, na alikuwa amesikia kwamba wizara imemletea mtu wa kuchua. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu Moshi: mifupa, misuli, mishipa ya fahamu, moyo na mapafu. Nikamchua. Barua yangu ya ajira ilikuwa bado mezani kwake haijasainiwa.

Naanza na hilo kwa sababu nyinyi mnaobaki mtaambiwa kwamba fiziotherapia siku hizi inaheshimika. Inaheshimika kwenye hotuba. Chumbani kwetu, hapa Bagamoyo, wachezaji wa timu za mtaani bado wanaingia na chupa ya mafuta ya nazi mkononi, na wauguzi bado wanatuita watu wa mazoezi. Nimestaafu juzi tu na mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Habari za vyeo siziandiki, wala saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga, ambayo nashukuru, ingawa inachelewa.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Bwana Ngonyani, mtu wa Songea, aliyeajiriwa kama mhudumu akashika chumba cha mazoezi miaka mingi kabla wizara haijakumbuka kuleta mwenye cheti. Wiki ya kwanza aliniona nikipapasa goti la mgonjwa ambaye hata hajakaa. Akanivuta pembeni.

"Kijana, watu wa huku salamu zao ni ndefu. Zitumie."

Nikamtazama siku nzima. Mgonjwa anaingia, Ngonyani anampa mkono huku akiangalia mgonjwa ametoa upi, na ameuinua vipi. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, watoto hawajambo, mvua imefika kwenu: wakati huo anautazama mdomo kama umekwenda upande, shingo kama inageuka, pumzi kama inatosha sentensi nzima. Salamu zikiisha, nusu ya uchunguzi imekwisha. Siku hizi nawaona mnasalimia huku mmeinamia simu. Mnatupa kipimo ambacho hakihitaji umeme wala betri.

Vifaa tulijitengenezea. Vyuma vya kujifunzia kutembea havikuwa vyuma, vilikuwa boriti za mikoko zilizopigwa msasa mpaka zikawa laini. Kapi la kuinulia mkono tulipewa na fundi wa vyombo vya baharini wa Mbegani. Mifuko ya uzito alitushonea mke wa Ngonyani kutokana na khanga zilizochakaa, tukaijaza mchanga wa ufukweni, tukaipima kwa mizani ya muuza samaki. Alikuja mkaguzi mmoja akaandika kwamba idara haina vifaa. Wagonjwa waliokuwa wakitembea mbele yake hakuwaandika.

Na kulikuwa na kaunta buku. Ngonyani alinizoesha kuandika kila kipimo, na pembeni yake hali ya mtu siku hiyo. Hakulala. Amegombana na mkwewe. Ana msiba. Amefunga. Nilimwuliza ya nini yote hayo. Akasema goti halitembei lenyewe, linatembea na mwenyewe. Alistaafu, akarudi kwao, akafariki, na jina lake halikuwahi kuchapishwa popote. Nataka mlijue hilo kabla sijafika kwenye habari ya majina.

Baadaye tulipata pikipiki. Hilo ndilo jambo kubwa lililotokea katika idara yetu. Mtu akipigwa na kiharusi, sisi tunamwona hospitali siku chache, kisha anarudishwa kwake akiwa na mkono unaoanza kukunjika na mguu unaoburura. Kuja kliniki tena kunahitaji bodaboda, mtu wa kumshika, na siku nzima ya kazi ya huyo mtu. Hawaji. Basi tukawafuata. Mbegani, mashamba ya ndani kwa Wakwere, mara moja moja hadi Saadani. Tuliwanyoosha vidole, tukawafundisha kushuka mkekani na kuinuka, tukawaonyesha binti na wakwe namna ya kufanya siku ambazo hatupo. Nimeona watu walioletwa kwa mkokoteni wakienda msikitini kwa miguu yao.

Watafiti walianza kuja katika miaka yangu ya mwisho. Mmoja alikuwa mwenzetu wa fani ileile, mhadhiri kutoka Dar es Salaam. Nitamwita Dokta Lameck, si jina lake. Mtu mchangamfu, mwenye adabu, ananiita mzee wangu. Alitaka kujua kama ziara zetu za majumbani zinasaidia. Nilifurahi mno. Nikasema sasa tutaandikwa, na pikipiki itapata mwenzake.

Kipimo kilikuwa rahisi. Tulichora alama mbili kwenye baraza ya hospitali, mgonjwa anatembea kwenda na kurudi kwa dakika sita, unahesabu mizunguko. Unapima mwanzo, anafanya mazoezi wiki kadhaa, unapima tena. Kulikuwa na fomu pia, iliyotungwa ng'ambo, ikiuliza mgonjwa anapandaje ngazi. Nilizungukia nyumba zote hizo na sikukumbuka yenye ngazi. Kama anaweza kuinuka kutoka mkekani, fomu haikuuliza.

Kipimo cha kwanza kilifanyika Shaabani, mwezi unaotangulia mfungo. Cha pili kikaangukia katikati ya Ramadhani, saa tisa alasiri jua likiingia barazani, kwa sababu asubuhi baraza ilikuwa na kliniki ya watoto.

"Dokta, ngoja Idi ipite," nilimwambia. "Hawa watu wamefunga."

"Si wagonjwa, mzee wangu? Dini inawaruhusu kula."

"Inawaruhusu. Wao hawajajiruhusu."

"Kibali kinaisha mwezi huu. Na wenzetu wa ng'ambo wanasubiri data."

"Basi weka mahali kwenye fomu pa kuandika kwamba mtu amefunga."

Akacheka kwa upole. "Fomu imeshapitishwa."

Alasiri hiyo alikuja mwanamke wa Mbegani, muuza ng'onda, samaki wa kukausha, aliyekuwa amepooza upande wa kushoto. Kwenye utafiti alikuwa namba thelathini na moja. Shaabani alitembea mizunguko kumi na moja, na binti yake alipiga vigelegele barazani mpaka muuguzi akatoka kuangalia. Nilimwambia leo aahirishe, kwa mgonjwa wa presha jua hilo si zuri. Akakataa.

"Mwaka jana nilikuwa kitandani, bado nina siku za kulipa, siongezi nyingine. Nipimeni tu, daktari."

Alitembea saba. Midomo ilikuwa imemkauka na mguu ulikuwa unabaki nyuma kila hatua. Katika kaunta buku yangu niliandika: saba, amefunga. Katika fomu ya Dokta niliandika: saba. Siku hiyo waliopimwa karibu wote waliteremka, na kila mmoja nilimwandika hivyohivyo, mara mbili, kweli nzima katika daftari langu na nusu yake katika karatasi yao. Sikusema tena. Nilikuwa nimeshasema mara moja, nikajiona nimetimiza wajibu.

Miezi ikapita. Nikiwa harusini kwa mpwa wangu, sahani ya pilau mapajani, simu ikalia. Lilikuwa kundi la utafiti: "Wakuu, hii ndiyo rasimu ya mwisho. Anayekubali ajibu." Chini yake wenzangu walikuwa wameshajibu. Hongera Dokta. Kazi nzuri sana. Mashallah. Nikaona orodha ya majina saba, langu la nne. Rasimu yenyewe sikuifungua. Niliandika, "Hongera sana Dokta, Mungu akuzidishie," nikamwonyesha mke wangu jina langu, naye akawaonyesha wanawake wenzake, nikaendelea kula.

Mwaka uliofuata ikaja barua. Ziara za majumbani zimesitishwa, pikipiki irudishwe, kwa kuwa utafiti wa kitaalamu uliofanyika katika eneo letu umeonyesha hazina tija. Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kazini. Nilisimama na barua hiyo kwenye kikao cha asubuhi mbele ya madaktari na wauguzi wote, nikauliza ni mjinga gani aliyeandika utafiti huo, amewaona wapi wagonjwa wetu, na kama amewahi kumshika hata mmoja mguu. Watu waliitikia kwa vichwa.

Sikujua. Naandika hivyo mkijua kwamba si utetezi.

Aliyenijulisha ni Zuhura, ambaye ndiye sasa anakikalia kiti changu. Alikuwa akisomea shahada ya uzamili na mada yake ilikuwa sisi wenyewe: katika fani yetu hapa nchini nani anaandika makala, anaandika juu ya nani, na majina yanapangwaje. Alikuwa amezichapa zote alizozipata, amezitandaza kwenye kitanda cha mazoezi kwa mafungu.

"Shikamoo mwalimu. Njoo uone fani yako."

Fungu nene kuliko yote lilikuwa la maumivu ya mgongo ya wanafunzi wa vyuo. Nikauliza kwa nini wanafunzi, wana nini migongoni. Zuhura akasema wanafunzi wako darasani, unagawa dodoso, unakusanya kabla kipindi hakijaisha. Fungu la pili lilikuwa la makala zinazohusu makala nyingine. Makala za wagonjwa zilikuwa chache, na nyingi kati ya hizo zilitoka hospitali kubwa za mjini, kwa wagonjwa wanaoweza kufika. Wanawake wa Saadani wanaokausha samaki mpaka mabega yanagoma kuinuka hawakuwamo. Wabeba mkaa wa Vigwaza hawakuwamo. Hakuna hata moja iliyokuwa kwa Kiswahili.

Kisha akanionyesha majina. Wa kwanza mhadhiri, wa mwisho mkubwa wake, katikati wageni na marafiki. Waliopima wagonjwa ukiwatafuta unawakuta ukurasa wa mwisho kwenye shukrani, pamoja na dereva: wafanyakazi wa hospitali, bila majina. Wanawake wa fani yetu wengi walikuwa huko.

Nilichemka. Nilimtaja Ngonyani, nilitaja boriti za mikoko, nilisema tumefanywa vijakazi katika kazi yetu wenyewe na watu wasiojua goti linainama upande gani. Zuhura aliniacha nimalize. Alikuwa ameshika makala moja ambayo hakuiweka kwenye fungu lolote.

"Mwalimu, usikasirike."

"Nimeshakasirika."

"Hii ni yako."

Akanisomea hitimisho, akinitafsiria taratibu ingawa Kiingereza nakijua. Kwamba baada ya wiki za ziara za nyumbani, uwezo wa wagonjwa kutembea ulishuka. Kwamba wagonjwa wa mwambao huu wana mwamko mdogo na hawafuati mazoezi wanayofundishwa. Kwamba ziara hizo hazina tija na rasilimali zielekezwe kwingine. Ndiyo iliyotajwa kwenye barua ya pikipiki. Juu yake majina saba, la nne langu, limeandikwa vizuri bila kosa.

"Nimeangalia tarehe za vipimo," Zuhura alisema, macho yake kwenye karatasi. "Nikaangalia na kalenda. Mwalimu, ilikuwa Ramadhani?"

Nilikwenda kabatini nikamletea kaunta buku. Alipitisha kidole kwenye ukurasa. Amefunga, amefunga, amefunga, kwa mwandiko wangu, tangu juu hadi chini.

Nilimpigia Dokta Lameck siku hiyohiyo. Alinisikiliza bila kunikatiza, hilo nampa haki yake.

"Mzee wangu, hayo yameshapita. Makala imeshatoka, imeshasomwa. Tukianza kufukua sasa tutajiharibia sote."

"Watu wamenyang'anywa tiba kwa sababu yake."

"Hilo waliamua wenye bajeti, si sisi. Sikiliza, nina nyingine naiandaa ya wagonjwa wa kisukari. Safari hii nitakuweka wa pili."

Nilikata simu. Nimekaa na neno hilo muda mrefu na bado linanichoma, kwa sababu hakukusudia kunitukana. Alikuwa ananipa kitu anachokithamini, na alikuwa na sababu ya kufikiri nakithamini pia. Niliipokea nafasi ya nne nikiwa na pilau mdomoni.

Mfunguo mosi ulipoingia, Ramadhani nyingine imekwisha, mimi na Zuhura tulikwenda Mbegani. Nia yetu ilikuwa kumpima yule mama tena, safari hii akiwa anakula na kunywa, ili tupate cha kuwaonyesha wakubwa. Nilikuwa nimeazimia pia kuliandikia jarida walifute jina langu. Tulimkuta uani anachambua ng'onda kwenye ungo kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mapajani, umejikunja ngumi. Tangu pikipiki irudishwe hakuna aliyekuja kuunyoosha. Binti yake alikuwa ameolewa Chalinze.

Tulisalimiana mpaka mwisho. Nilipompa mkono niliona kila kitu nilichohitaji kuona, nikaendelea kuuliza habari za mvua.

Zuhura alimsomea makala yote kwa Kiswahili. Mama hakuacha kuchambua samaki mpaka ilipofika kwenye mwamko.

"Namba thelathini na moja ndiye mimi?"

"Ndiye wewe," nikasema.

"Na wewe siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulijua nimefunga."

"Nilijua. Niliandika."

"Wapi?"

"Kwenye daftari langu."

"Humu alimosoma huyu mwanangu, mmeandika?"

"Hatukuandika, mama."

Akasukuma ungo pembeni. "Nipimeni. Leo nimekunywa uji na chai juu yake."

Tulipima uwanja kwa futikamba, urefu uleule wa baraza, tukaweka kandambili kila upande kuwa alama. Aliinuka kwa shida, akijivuta kwenye nguzo ya banda. Zuhura alishika saa, mimi nikatembea nyuma yake mikono wazi. Goti lilikuwa halikunji tena na kisigino hakigusi chini. Dakika sita zilipokwisha alikuwa ametembea mizunguko minne.

Zuhura alishika kalamu asiandike. Najua alichokuwa akifikiri, nami nilikuwa nafikiri hichohicho. Makala ilipoandikwa ilikuwa ya uongo. Kwa uongo huo wamechukua pikipiki, na kwa kukosa pikipiki mguu huu umekakamaa, na sasa ukija na fomu yako leo utakuta makala inasema kweli. Tulikuja kutafuta ushahidi wa kuipinga, tumepata wa kuiunga mkono. Sijawahi kuuchukia mwandiko wangu kama nilivyouchukia pale.

"Andika," mama akamwambia Zuhura. "Si ndicho mlichofuata? Ila safari hii na jina langu liwemo."

Zuhura alimweleza taratibu kwamba haiwezekani. Katika utafiti majina ya wagonjwa hayaandikwi, kuna kamati inayokataza, ni kwa ajili ya kuwalinda.

"Kunilinda na nani?" aliuliza. Hakumtazama Zuhura, alinitazama mimi. "Walionisema ni nyinyi."

Nimewafundisha wanafunzi wengi kanuni hiyo na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Njiani Zuhura aliniambia barua ya kufuta jina langu atanisaidia kuiandika, Kiingereza cha majarida kina namna yake. Nikamwambia nimebadili nia. Nikilifuta, watabaki sita wasioulizika. Tuliandika jambo jingine: jina liacheni palepale lilipo, na chini yake mchapishe kwamba huyu wa nne alijua tangu siku ya kipimo kwa nini wagonjwa walichoka, alikuwa na maandishi, na alikubali makala bila kuisoma. Tukaambatanisha picha za kurasa za kaunta buku.

Jarida limejibu. Wanauliza kama waandishi wenzangu wote wanakubaliana na masahihisho hayo, maana bila hivyo hawawezi kuyachapa upesi. Nimewajibu kwamba wenzangu hawakubali, na kwamba sitaacha kuwaandikia. Pikipiki haijarudi. Nakwenda Mbegani mwenyewe kwa baiskeli Jumanne na Ijumaa, na vidole viwili vimeanza kulegea, jambo ambalo halitaandikwa na mtu kwa sababu mgonjwa mmoja si utafiti.

Lakini hapa ninapoandika hakuna kamati wala mhariri. Nilimwuliza tena wiki hii kama bado anataka, akasema alishasema. Anaitwa Mwanahawa Shomari Kondo, wa Mbegani. Saa tisa alasiri, kwenye jua, akiwa amefunga, alitembea mizunguko saba kwa mguu mmoja mzima, nami nikatia jina langu kwamba huo ni uvivu.